Kitambaa Ndani ya Mkate wa Ayalandi

Ndeshi alipopanga uovu wake alifikiria kila kitu, kasoro adabu za watu wazima.

Vicent, mchumba wa dada yake Bertila, alikuwa mpishi wa hoteli huko Dallas, na safari yao ya fungate ilikuwa tayari: siku tisa Ayalandi, wakizunguka mashambani na kula. Wengine huenda fungate kutazama bahari. Vicent alikuwa anakwenda kuonja siagi. Alishaandika majina ya wakulima wanaotengeneza jibini nyumbani kwao, na bandari ambako chaza hufunguliwa mbele yako ukawameza wabichi. Bertila, ambaye hata dagaa humkagua macho kwanza, alikubali yote. Hayo ndiyo mapenzi.

Kwa hiyo kwa ajili ya sendofu ya kumuaga bibi harusi, nyumbani kwao Grand Prairie, jirani na Dallas, Ndeshi alijitolea kuoka mkate wa heshima. Alikuwa amesoma bweni miaka minne kwa masista kule Kilimanjaro, na mmoja wao, mzaliwa wa Galway huko Ayalandi, aliwafundisha mkate wa zabibu unaoliwa kwao kila mwisho wa Oktoba. Zabibu hulowekwa kwenye chai ya rangi hadi zivimbe. Ndani ya kinyunga hufichwa vitu: pete kwa atakayeoa au kuolewa, sarafu kwa atakayetajirika, kitambaa kwa atakayefukarika. Watu hula, hucheka, maisha yanaendelea.

Ndeshi alificha kitambaa tu. Pete ingempa mtu furaha, na furaha haikuwamo kwenye mpango. Mlengwa alikuwa Mzee Majaliwa, baba mdogo wa Vicent, aliyemlea tangu utotoni. Mzee alikuwa ametoka Sharpstown, Houston, mwendo wa saa nne, na tangu ashuke garini hakuwa ameacha kusimulia utajiri wa malori yake. Sasa achomoe ufukara mdomoni mbele ya wageni wote! Ndeshi alikata kipande cha sketi kuukuu nyeusi, akakichemsha, maana usafi ni sehemu ya imani, akakikunja na kukifunga kwa uzi mwekundu kisifumuke. Siku ilipofika, alimpelekea mzee kipande chenye kitambaa, tena kwa kupiga goti.

"Karibu, mzee."

"Ahsante, binti. Huyu kalelewa!"

Hapo ndipo adabu ilipoingia. Mzee alikuwa na kisukari, na kukataa chakula cha wakwe ni tusi. Akanyanyuka, akampelekea bibi harusi sahani kwa mikono miwili.

"Mkwe, mimi nimekula kwa macho. Wewe unilie kwa mdomo."

Ndeshi alinyoosha mkono kuizuia sahani, akachelewa. Bertila akauma. Akatafuna, akasita, akavuta. Kitambaa cheusi, uzi mwekundu, mate yakichuruzika.

"Hirizi," alisema Mama Flaviana, mama yao, kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti kubwa: "Majaliwa! Umemlisha mwanangu hirizi?"

"Mimi?"

"Nani mwingine? Si umemletea wewe, kwa mikono yako miwili!"

Vicent aliruka katikati. "Mama, subiri. Hiyo ni mila ya Ayalandi, nimeisoma. Wanaficha kitambaa, pete na sarafu. Tutafute, utaona mwenyewe."

Wakauvunja mkate. Mama Flaviana aliupekecha kwa vidole mpaka ukawa makombo. Pete hakuna. Sarafu hakuna.

"Haya, mila iko wapi?"

Bertila alikuwa akisugua ulimi kwa leso.

"Mama Bertila," mzee aliuliza taratibu, "mimi ni mchawi?"

"Mchawi na ajitangaze! Harusi hii isimame kwanza."

Mzee akachukua kofia yake na kuelekea mlangoni.

Bwenini Ndeshi alikuwa na kanuni moja takatifu: usikiri kabla hujatajwa. Safari hii aliivunja.

"Ni mimi. Nilikiweka mimi. Pete sikuweka. Nilitaka mzee achekwe."

Mama alimwamini papo hapo, alimjua mwanawe. Ndeshi alisubiri kofi, halikuja. Mama aliketi tu, akajifunika uso kwa mtandio.

Ndeshi alimkimbilia mzee hadi kwenye gari.

"Mzee, nisamehe."

"Nimekusikia, nilikuwa mlangoni. Nimeshakusamehe. Utoto una mwisho."

"Basi rudi ndani. Vicent hawezi kuoa bila wewe."

"Binti, wewe uliweka kitambaa. Hukuniita mchawi." Akawasha gari. "Aliyeniita anajua nilipo."

Ndeshi alirudi mbio. Mama alikuwa amepiga magoti, akiokota makombo moja moja.

"Mama, anakusubiri."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie samahani."

"Mbele ya watu wote hawa?"

Akaendelea kuokota. Nje, gari lilirudi nyuma polepole, likashika barabara ya Houston. Vicent alivua ua kifuani, akaliweka mezani, akachukua funguo zake. Bertila alimwita kwa jina. Vicent alisimama kidogo, kisha akatoka kumfuata mzee.