Bangili ya Bushiri

Saa tatu asubuhi maji ya kijiji cha Mbuchi yalikuwa yameanza kupwa, na mstari wa tope mbichi ulionekana kwenye mizizi ya mikoko. Salama aliutazama kupitia dirisha la zahanati, kisha akaisoma tena namba ya kipimo iliyokuwa kwenye simu yake.

Namba ilitoka Mombasa. Maabara ya huko ndiyo iliyopima bangili za mpira walizovishwa wakulima wa mpunga wa Kenya, Msumbiji na Tanzania kwa wiki moja, zinyonye kila sumu ya shambani itakayomfikia mvaaji. Upande wa Kibiti utafiti ulisimamiwa na Salama. Bangili ya Bushiri ilikuwa imenyonya sumu ya kaa mara arobaini zaidi ya za wenzake. Ni sumu ambayo watu wa delta huimwaga shambani ili kaa wasikate miche. Lakini damu ya Bushiri, iliyopimwa wiki ileile, haikuwa na kasoro.

Dakta Abdulrazaq, mkuu wa maabara, alishauri namba hiyo ifutwe. Bila shaka, alisema, bangili ilitumbukia kwenye kopo la sumu. Salama hakubishana naye. Alisema tu kwamba kwanza angemuuliza mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa kwenye benchi mbele yake, mtu wa makamo, na alichukia kusikia kwamba bangili ilichafuka.

"Nimeitunza kuliko saa yangu," alisema. "Mpira ule unazuia maji ya udhu. Sasa niivue na kuivaa mara tano kwa siku, mpaka ipotee topeni? Nikaitundika dunguni, juu ya kitanda. Wiki nzima haikuguswa."

Salama aliweka kalamu chini. Basi bangili haikuupima mkono wa Bushiri. Ilipima hewa ya dungu, kibanda cha juu ya nguzo ambamo mlinzi wa mpunga hulala msimu mzima.

"Nani analala humo?"

"Mama watoto. Mimi usiku niko kwenye mitego."

Yaliyobaki aliyapata kwa maswali mafupi. Sihaba, mke wa Bushiri, alikuwa akiugua tangu mwezi uliopita: kutapika, jasho, miguu kukataa kumbeba. Alipimwa malaria mara mbili, haikuonekana, na dawa akameza hivyo hivyo. Akiletwa nyumbani siku mbili tatu hupata nafuu. Akirudi shambani, hali humrudia. Majirani walikwisha kusema dungu lile lina wenyewe, na mganga alikuwa ameshapewa habari. Sumu ya kaa nayo ilikaa dunguni, chini ya kitanda, kwa sababu maji makuu ya bamvua huzoa kila kitu kilichoachwa chini.

"Kopo linavuja?"

"Kifuniko kilipasuka. Nilikiziba kwa kitambaa."

"Na jana ulimwachaje?"

"Anatokwa mate. Nikasema apumzike."

Salama alimwagiza muuguzi, Maimuna, aagize kituo cha afya sindano za atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, kwa kuwa pale hazikuwapo; yeye hakuzingoja, akabeba mkoba wake na kwenda gatini pamoja na Bushiri.

Twalibu, mwenye boti ya mashine, aliyatazama maji kabla ya kumtazama yeye. Kijito cha kuingilia shamba la Bushiri kingekauka kabla ya adhuhuri. Alitaka wangoje maji ya alasiri. Wakikwama mle, mbu watawafanya futari. Salama alisema hangoji.

"Haya, dada daktari," Twalibu alisema akivuta kamba ya mashine. "Ila tope la kwetu halijui vyeo."

Njiani simu ya Mombasa ilipatikana. Abdulrazaq alisikiliza mpaka mwisho na habari ya kufuta namba hakuigusa tena. Alitoa maagizo: vaa glavu, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mlaze ubavu, asinyweshwe kitu. Msimu uliopita, kwenye bonde la Tana, walimpoteza mtu ambaye wenzake walimnywesha maziwa wakangoja. Mtandao ukakatika hapo.

Kwenye kijito boti iligusa tope, ikapita, ikagusa tena, ikasimama. Bushiri na Twalibu walishuka, tope likawafika mapajani, wakaisukuma. Walipokata kona, shamba likaonekana. Kwereakwerea, ndege wala nafaka, walikuwa wametua juu ya mpunga kama wingu zito, wakila. Hakuna aliyekuwa akiwawinga.

Bushiri aliwaona wa kwanza. Aliiacha boti, akaanza kukimbia.

Salama alipopanda dunguni alimkuta amempakata mkewe, ana pakiti ya maziwa mkononi. Aliichukua na kuiweka kando. Mkeka ulikuwa umelowa na kunuka kama vitunguu vilivyooza. Mboni za Sihaba zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kikikoroma, mapigo ya moyo arobaini na manne kwa dakika.

Walimteremsha. Salama alipotaka kumvua nguo, Bushiri alimtazama Twalibu. Twalibu akageuka, akawapa mgongo, akainua khanga kwa mikono miwili iwe ukuta, na hakugeuka tena mpaka alipoambiwa. Walimwosha kwa ndoo tano, wakamfunika kwa khanga ileile.

Safari ya kurudi waliisukuma boti zaidi ya kuiendesha. Njia nzima Salama alishika kifundo cha mkono wa mgonjwa na kuhesabu. Mapigo yalishuka hadi thelathini na tisa.

Zahanatini Maimuna alichoma sindano ya kwanza. Hakikubadilika kitu. Alichoma ya pili, na baada ya dakika chache akaongeza ya tatu. Koromo la kifuani likaanza kukauka.

Salama aliandika ujumbe kwenda Mombasa: namba isifutwe, iandikwe kwamba bangili ilivaliwa na dungu.

Saa saba mchana mapigo yalifika themanini. Sihaba alifumbua macho, akauliza nani anawinga ndege.

Bushiri akamjibu kwamba hakuna mtu.