Kikombe Kilichoishia kwa Adriaan

Kanisa la kijiji cha Oudekreke halikuwa na mchezo na dhambi. Waulize wenyewe. Kijana mmoja alionekana Jumapili akienda ufukweni kwa baiskeli, na wazee wawili wa kanisa walikuwa mlangoni kwao kabla hajamaliza kukung'uta mchanga. Mjane aliyenunua televisheni akaificha kwenye kabati la mashuka aliambiwa asisogelee meza ya Bwana mpaka kabati lirudi kuwa kabati. Na Pieternel Kodde, aliyeolewa akiwa na mimba ya miezi minne, alisimamishwa mbele ya watu wote baada ya mahubiri, kabla ya wimbo wa mwisho, akakiri huku anatetemeka. Tangu siku ile hajakanyaga kanisani. Miaka kumi na tisa sasa.

Aliyesoma jina lake alikuwa kaka yake wa tumbo moja, Adriaan. Alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na alitaka watu waone kuwa hapendelei ndugu. Waliona.

Sasa Adriaan ana miaka hamsini na minne, analima vitunguu na viazi, na zile mbwembwe za ujana zimemwisha. Zilimwisha hasa kila alipokutana na Krijn Wisse. Krijn naye ni mzee wa kanisa, tena ni mwenyekiti wa bodi ya matuta ya kuzuia bahari na mitaro ya kutoa maji mashambani. Nchi yenyewe ile iko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayeamua mtaro wa nani usafishwe kwanza ndiye anayeamua vitunguu vya nani vioze. Watu walikuwa wanavua kofia kwa Krijn hata kwenye upepo.

Mkewe anaitwa Jacomina. Mwaka ule Jacomina alianguka kwenye ngazi mara tatu, akaonekana kanisani mara ya kwanza na mkono uliofungwa, mara ya pili na jicho limevimba, mara ya tatu akawa anatembea upande. Kanisa zima lilimpa pole kwa zile ngazi. Nyumba ya Krijn haina ghorofa.

Alhamisi, siku tatu kabla ya meza ya Bwana, Jacomina alimfuata Adriaan kwenye banda la vitunguu.

"Mzee Adriaan, una dakika?"

"Karibu, mama. Kuna vumbi lakini."

Alifungua kitambaa cha kichwa, akamwonyesha taya lake. Lilikuwa na rangi ya bilinganya. Adriaan akaangalia vitunguu.

"Sikuja kulia," Jacomina akasema. "Nimekuja kuuliza swali. Jumapili mtampa kikombe?"

"Tutampa nani?"

"Usinifanye mtoto, Mzee Adriaan."

Adriaan akaokota kitunguu, akaanza kukibandua maganda.

"Miaka kumi na mmoja anakaa kwenye ile meza," Jacomina akaendelea. "Mimi nabaki kwenye benchi, kwa sababu ameniambia sistahili. Sasa sikia. Mkimpa tena Jumapili, nitajua wazee wote mmeona na mmeridhika. Basi nitarudi nyumbani, nitafunga mdomo, na siku moja mtakuja kunizika. Sikutishi. Nakwambia tu, usije ukasema hukujua."

"Nitasema," Adriaan akajibu. "Jumamosi kwenye baraza. Nakuahidi."

Na alimaanisha kweli, maskini. Alimaanisha Alhamisi nzima na Ijumaa mpaka saa ya chakula.

Kule, kabla ya kila meza ya Bwana, wazee hukutana, na mchungaji huwauliza mmoja mmoja swali lile lile: una neno lolote juu ya mwenzako, kwa imani yake au mwenendo wake? Swali zuri sana. Linaulizwa mara nne kwa mwaka, na tangu Adriaan aingie barazani hakuna aliyewahi kuwa na neno. Ungedhani wale wazee sita wameshushwa moja kwa moja kutoka mbinguni, na kofia zao nyeusi vichwani.

Jumamosi ile Krijn alimwahi mlangoni, akamshika bega.

"Adriaan, nimepita kwako. Ule mtaro wa kaskazini umejaa tope mpaka juu. Mvua zikianza umekwisha, ndugu yangu. Nimeuweka wa kwanza Jumatatu."

"Ahsante, Krijn."

Wakaketi. Mchungaji Hoogerland, mtu mwembamba mwenye sauti ya mafua mwaka mzima, akauliza swali. Mzee Izaak, ambaye ana miaka themanini na masikio yake yanasikia anachotaka, akasema, "Sina." Wa pili akasema, "Sina." Krijn akasema, "Sina," tena kwa upole kabisa, kama anamsamehe mtu. Ikafika kwa Adriaan. Akaliona taya la Jacomina, akauona na mtaro. Mtaro ulikuwa karibu zaidi.

"Sina," akasema.

"Mungu asifiwe kwa amani hii," akasema Mchungaji, na pipi za minti zikazungushwa.

Jumapili watu mia mbili walijaa mabenchi, na waliosogea mezani walikuwa kumi na wawili. Ndivyo walivyo kule. Wameogopeshwa sana habari ya kula na kunywa bila kustahili, hata bibi ambaye hajawahi kumkanyaga siafu anabaki kwenye benchi anatetemeka. Krijn hakutetemeka. Alikaa mwisho wa meza, mahali pake, na Adriaan akakaa kando yake. Kikombe kule ni kimoja, kikubwa, cha fedha, na kinapita mkono kwa mkono.

Kikaja. Adriaan akanywa funda moja kama kawaida yake, akageuka ampe jirani. Hapo akamwona Jacomina kwenye benchi la tatu. Hakuwa analia wala hakukunja uso. Alikuwa anaangalia mikono ya Adriaan tu, basi.

Mtu jasiri angesimama aseme. Adriaan hakuwa jasiri, tusidanganyane. Lakini mikono ilikataa kukiachia kile kikombe, na kwa vile hakujua la kufanya, akakirudisha mdomoni. Akanywa. Akanywa tena. Ilikuwa imebaki kama theluthi, na Adriaan, ambaye kwao hata bia hawanywi, alikikausha chote mpaka tone la mwisho, machozi yakimtoka kwa ukali wa divai. Ndipo akampa Krijn.

Krijn akachungulia ndani. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hakukuwa na kitu chake. Mchungaji akatazama jagi la divai, nalo lilikuwa tupu. Akakohoa, akatangaza wimbo.

Usiseme kanisa lile linaogopa kuwarudi watu wake wakikosea. Jumatatu saa nne asubuhi Mchungaji na Mzee Izaak walikuwa sebuleni kwa Adriaan, wala hawakugusa kahawa. Hawakuzungumzia mvua, hawakuulizia viazi. Waliingia moja kwa moja kwenye jambo, na Adriaan akabaki anashangaa. Kumbe wanaweza.

"Umeinajisi meza ya Bwana kwa ulafi," akasema Mchungaji. "Umetengwa. Na utasimama Jumapili mbele ya kanisa, ukiri."

"Utaratibu ni utaratibu," Izaak akaongeza.

"Sawa," Adriaan akasema. "Nitasimama. Nitasema nilichofanya, na kwa nini."

Izaak, ambaye hasikii, alisikia.

"Hayo ya kwa nini hayahitajiki," akasema Mchungaji.

"Dada yangu alitakiwa aseme kila kitu. Hata miezi mlimhesabia."

"Wewe ndiye uliyemsomea, Adriaan."

"Najua. Nilimsomea mimi."

Mchungaji akapangusa pua. Akasema labda, kwa kuzingatia umri na utumishi wake, ingetosha kutengwa kimyakimya. Hakuna haja ya kusimama. Asimame kwa lipi?

"Utaratibu ni utaratibu," Adriaan akamjibu.

Wakaondoka. Mchana Adriaan alikwenda kwa Pieternel, mlango ambao hakuwa ameubisha kwa miaka kumi na tisa, akamweleza yote akiwa amesimama uani. Dada yake alimsikiliza akiendelea kuanika nguo.

"Utaingia mitini," Pieternel akasema. "Nakujua."

"Njoo uone."

Jumapili, baada ya mahubiri, Mchungaji aliruka moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho. Adriaan akasimama hivyo hivyo. Kwenye benchi la nyuma kabisa alikuwa amekaa Pieternel, kichwa wazi, tena amevaa suruali, na watu walikuwa wameshamwachia nafasi ya watu wanne kila upande.

"Niliulizwa kama nina neno juu ya mwenzangu," Adriaan akasema. "Nikasema sina. Ulikuwa uongo. Krijn Wisse anampiga mkewe, sote tunajua, na mimi nilinyamaza kwa ajili ya mtaro wa vitunguu. Kwa hilo naomba msamaha. Kwa divai siombi."

Mchungaji akampungia mpiga kinanda. Kinanda kikanguruma. Krijn akamgeukia mkewe, akamshika mkono, na kila mtu akaona jinsi alivyoushika. Jacomina akauchomoa. Akatoka kwenye benchi la tatu, akapita katikati ya kanisa bila haraka, akaketi karibu na Pieternel. Pieternel akasogea, akampa pipi ya minti.

Krijn bado ni mzee wa kanisa. Baraza linaendelea kulitafakari jambo lake kwa maombi. Mtaro wa kaskazini haukusafishwa, na vitunguu vya upande ule vilioza vyote. Adriaan bado ametengwa, na Jumapili anakaa benchi la nyuma.

Jacomina anaishi kwa Pieternel. Nyumba ile ina ngazi kumi na nne, nyembamba, zimesimama wima, na chumba chake kiko juu. Hajaanguka hata siku moja.