Fomu za Nambilanje

Bodi ilimwita Mwamina Rashidy saa nne asubuhi, katika ofisi ya shirika pale Nachingwea. Nafasi ya mkurugenzi ilikuwa na waombaji wawili: yeye, na Edwin, mwenye shahada ya uzamili, aliyetoka Dar es Salaam. Mwamina alikuwa na stashahada na miaka kumi na saba ndani ya shirika. Aliingia kwa kupika chai ya semina, akawa mkusanya takwimu, kisha mratibu wa mradi wa hati za mashamba. Ukurugenzi aliutaka, wala hakuona sababu ya kuficha.

Swali la kwanza alilitarajia.

"Umezuia fomu mia tatu na kumi na mbili za Nambilanje kwa miezi miwili," alisema mwenyekiti, Mama Agatha. "Wafadhili wanalalamika. Kwa nini?"

"Fomu inauliza mkuu wa kaya, na vijana wetu wakaandika mume. Nimerudi nyumba kwa nyumba kuuliza shamba lilitoka kwa nani. Mashamba mia mbili na manne yametoka kwa mama wa mke. Hati zikitoka hivi, mume akifa, ndugu zake watalidai shamba."

"Ya zamani hayo," alidakia Mzee Bakary, mjumbe mwenyeji wa Nambilanje. "Siku hizi mume na mke kitu kimoja."

Mwamina alijua kura zitakaribiana. Akafungua faili hata hivyo.

"Mjomba, ile mikorosho unayopalilia ilipandwa na nani?"

Bakary akakohoa. "Mama mkwe, Mungu amrehemu."

"Na fomu namba sabini na moja ina jina la nani?"

"Jibu, Mzee!" mjumbe mmoja akacheka. "Au tumpigie simu shemeji?"

"Langu," alisema Bakary. "Lakini wewe binti, umekuja kuomba kazi au kunivua nguo?"

"Kuomba kazi. Na kazi yenyewe ndiyo hii."

Wakamtoa nje nusu saa. Alipoitwa tena, Mama Agatha alisoma matokeo: kura nne kwa tatu, ukurugenzi ni wake. Fomu zirekebishwe ndani ya wiki sita.

"Nane," alisema Mwamina. "Mvua zimeanza, pikipiki hazifiki kila kitongoji."

Mama Agatha akaandika nane.

Bakary alimsubiri mlangoni. "Mimi nimekunyima kura. Ujue."

"Nimejua, mjomba. Kesho asubuhi mama wa nyumbani kwako asitoke, nahitaji sahihi yake kwenye sabini na moja."