Kengele ya Saa Sita Kule Fridley

Somphone ndiye aliyetaka hekalu liwe na kengele ya umeme, na Abdulkarim ndiye aliyeifunga. Wawili hao walifanya kazi katika kiwanda kimoja pale Fridley, Minnesota, wote mafundi wenye digrii za umeme, mmoja kutoka Laos na mwingine kutoka Tanga. Walizoeana kwenye meza ya chakula cha mchana kwa sababu ni wao peke yao waliokuja na wali kila siku.

Hekalu lenyewe lilikuwa nyumba ya kawaida yenye gereji, ambayo Walao wa pande zile waliigeuza mahali pao pa ibada ya Kibudha. Aliishi humo mtawa mmoja mzee, Bounmi, aliyeitwa na wote Achan, yaani mwalimu. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa, na wakati wa baridi alivaa kofia ya sufu ya rangi ileile ya joho lake la machungwa. Kama watawa wenzake wote, hakuwa akila chochote kuanzia jua linapopita utosini hadi alfajiri. Wala hakujipikia. Alikula alicholetewa, na kilipoletwa.

Somphone alikuwa amechaguliwa mwenyekiti mwaka huo wa tisini na sita. Alivuka mto Mekong akiwa mtoto mkimbizi, akasoma Minnesota, na jambo moja lilimkosesha raha: vijana wa Kilao waliacha kuja hekaluni kwa kuwa waliona kila kitu pale ni cha kizee. Basi akaanza mageuzi. Akaleta maikrofoni, akaleta maikrowevu, akaleta viti vya plastiki ili watu wasikae sakafuni. Mwisho akasema chakula cha Achan nacho kiende kwa saa.

"Bibi zetu wanakuja wanavyotaka," alimwambia Abdulkarim. "Achan anachungulia dirishani, anatazama jua, anasema bado. Hii ni Amerika, Abdu. Hatuwezi kuendesha taasisi kwa kuchungulia dirishani."

Abdulkarim akaifunga kengele mwezi wa tatu, juu ya mlango wa jikoni, ikalia saa sita kamili kama ya shule. Achan aliitazama kwa furaha kubwa.

"Nzuri sana," alisema. "Sasa hata tumbo lina bosi."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne, siku ambayo Amerika nzima husogeza saa mbele. Somphone alikuja mapema, akapanda kiti, akaisogeza saa ya kengele. Bibi Keo, mpishi hodari kuliko wote, alifika kwa basi akiwa na samaki wa kuchemshwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba na kikapu cha wali wa kunata. Akapiga magoti, akamkabidhi Achan. Achan akafinyanga tonge, akalichovya kwenye pilipili, akaliinua. Kengele ikalia.

Achan akalirudisha tonge sahanini.

"Kula!" Bibi Keo alisema.

"Saa sita imefika."

"Jana muda huu ulikuwa bado unakula!"

"Jana ilikuwa jana," Achan alijibu kwa upole. "Leo wamelisogeza jua. Mimi ni mgeni katika nchi hii, nafuata."

Watu wote wakamgeukia Somphone. Yeye akajikaza akasema sheria ni sheria, ila masikio yake yalikuwa yamewiva. Bibi Keo akafunika samaki wake, na namna alivyofunika ilitosha kusema yote.

Wiki nzima ikawa hivyo. Wanawake walizoea kupika kwa kutazama mwanga, na mabasi hayakuwajali, hivyo walifika kengele ikiwa inalia au imeshalia. Achan aliitii kengele kuliko askari anavyomtii mkubwa wake. Mara moja ilimkuta ana supu mdomoni, akabaki na mashavu yamevimba, akamwangalia Somphone kwa macho ya kuuliza: nimeze au niteme?

Abdulkarim aliyaona hayo alipokwenda kurekebisha maikrofoni, na jioni akamsimulia mkewe, Tulia, ambaye alikuwa muuguzi na mcheshi asiye na breki. Tulia alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Baba Nasibu, mmemnyima mzee wa watu chakula!"

"Si mimi. Ni saa."

"Saa aliifunga nani? Haya, niambie. Wewe tangu saa zisogezwe, adhuhuri unaswali muda gani? Inapolia honi ya kiwandani?"

"Naswali jua likishapinduka. Sasa hivi ni baada ya saa saba."

"Na wao wanafuata nini?"

Abdulkarim akaitazama saa ya ukutani. Kisha naye akaanza kucheka, polepole.

Jumamosi alikwenda hekaluni na mkewe, amevaa kanzu na koti zito juu yake. Akamwomba Somphone ruhusa ya kuswali adhuhuri uani. Somphone, aliyependa sana dini zielewane, akakubali kwa moyo mweupe. Abdulkarim akachukua sepetu ya theluji iliyoegemezwa gerejini, akauchomeka mpini wake wima kwenye udongo uliolainika, akakunja mikono akisubiri.

Kengele ikalia ndani. Achan akaacha chakula, akatoka kunawa. Wanawake wakatoka nyuma yake na vyombo vyao vilivyojaa.

"Abdu, saa sita hiyo," Somphone aliita. "Swali."

"Bado."

"Kengele imelia!"

"Kengele niliifunga mimi. Jua sikulifunga." Akaonyesha kivuli cha mpini. "Kile bado kinapungua. Kikiacha kupungua kikaanza kurefuka, ndipo jua limepita utosini. Nikiswali sasa hivi, sala yangu haikubaliki."

Achan alisogea karibu, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kununua ng'ombe. "Kwa hiyo kwenu si mchana bado?"

"Bado kabisa, Mzee."

"Ajabu," alisema Achan, akamgeukia Somphone. "Mwenyekiti, mimi sikusoma. Nifuate kengele au nifuate kivuli?"

Tulia alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Somphone akakitazama kivuli. Alitaka kukasirika, lakini alikuwa mhandisi kabla hajawa mwenyekiti. Akachuchumaa, akachomeka kalamu kwenye ncha ya kivuli, akangoja. Ncha ikaiacha kalamu, ikarudi nyuma kuelekea sepetu. Akangoja tena. Ikarudi tena.

"Kisayansi," alisema hatimaye, bila kuinua kichwa, "bado ni asubuhi."

Bibi Keo hakungoja tafsiri. Alimwekea Achan samaki palepale uani, juu ya kiti kimoja cha plastiki, na Achan akala kwa raha, taratibu mno, kila tonge akitazama kwanza kivuli, kisha Somphone, kisha samaki. Mwishowe Somphone mwenyewe alicheka. Abdulkarim aliswali baadaye, na Bibi Keo akawafukuza kuku wa jirani wasipite mbele yake.

"Ulikuwa unajua muda wote?" Abdulkarim alimwuliza Achan walipokuwa wakiagana.

"Nilijua. Lakini ningesema mimi, ningekuwa mzee mwenye njaa."

Somphone hakuiondoa kengele. Aliandika programu ya kompyuta iliyokokotoa kila siku jua linapofika utosini, akaiunganisha na kengele, na vijana wawili watatu walianza kuja hekaluni kuitazama ikifanya kazi. Majira yote ya joto Achan alikula bila haraka.

Mwisho wa Oktoba, saa ziliporudishwa nyuma, jua la Minnesota liliwahi kufika utosini kabla ya saa sita ya watu. Bibi Keo aliingia na samaki wake akitazama saa ya mkononi, ametangulia na ameridhika, akamkuta Achan amekwishanawa, amekaa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kengele imelia," alisema Achan. "Kisayansi."

Bibi Keo alimtafuta Somphone nyumba nzima, sahani mkononi. Alimkuta gerejini, amejificha nyuma ya viti vya plastiki.