Upande wa Pili wa Kichwa

Injinia, ndivyo walivyomwita chuoni, alikuwa na domo, tusifichane. Chumbani kwao bwenini yeye ndiye aliyekuwa akitangaza kwamba kuna kazi za kiume na kazi za kike, wenzake wakigonga meza kumshangilia. Asichowaambia ni kwamba alijua kusuka nywele. Alifundishwa na marehemu mama yake, msusi, vidole vya mama vilipoanza kuvimba. Baada ya maziko, baba akampokonya kitana mkononi. "Mimi sina mtoto msusi," alisema, na habari ikaishia hapo.

Mchana mmoja anatoka maktaba, anamkuta Profesa kwenye benchi, analia. Profesa ni binti wa darasani kwao, kapewa jina hilo kwa maswali yake yasiyokwisha. Saa nane alitakiwa kutetea mradi wake mbele ya jopo la walimu, na kichwa chake, loh! Upande mmoja umesukwa ukapendeza, upande wa pili nywele zimesimama kama zimepigwa shoti. Rafiki aliyekuwa akimsuka kaitwa kwenye mtihani uliowahishwa ghafla.

"Watanicheka kabla sijafungua mdomo. Siendi."

"Acha wazimu! Kazi yote ile uitupe?"

"Siendi, kaka."

Injinia akaangaza kushoto, akaangaza kulia. Aliogopa, tena sana. Kisha akakaa nyuma yake.

"Lete kitana na mafuta. Na usiniulize kitu."

Kwa mara ya kwanza Profesa hakuuliza. Vidole vya Injinia navyo havikuwa vimesahau lolote, vilikwenda vyenyewe. Alikuwa amefika karibu na paji la uso wenzake wa chumbani walipotokea.

"He! Jamani, njooni muone! Injinia kafungua saluni!"

"Na mimi niwekee nafasi kesho, mama!"

Walicheka mpaka wakashikana mbavu. Masikio yalimwaka moto Injinia, lakini msuko hakuuachia. Hapo simu yake ikaita juu ya benchi: Baba. Mikono yake imejaa mafuta, basi mmoja wao, kwa utundu tu, akaipokea na kuweka spika.

"Mwanangu, hujambo? Unafanya nini saa hizi?"

Wenzake wakaziba midomo. Angeweza kusema anasoma. Ndivyo alivyojibu siku zote.

"Sijambo, baba. Nasuka. Mwenzangu anatetea mradi saa nane, na nywele hazijaisha."

Aliyeshika simu akaikagua, akidhani imekatika. Injinia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usimkaze kwenye paji la uso," baba akasema hatimaye. "Mama yako alikuwa hakazi hapo. Wateja walimpendea hilo."

"Ndiyo, baba."

"Haya, malizia. Mtoto wa watu asichelewe."

Hakuna aliyecheka tena. Injinia alijifuta macho kwa bega, akaufumua ule msuko wa mbele alioukaza, akauanza upya.