Karavani ya Baba Esther

Mtu akikuambia kuna mwanamume anayejua kuandaa safari kumzidi Sifael wa Kidia, mwambie akatafute mwingine wa kumdanganya. Sifael ni kiongozi wa watalii mlimani. Amewapandisha Wazungu, Wajapani, na safari moja bibi harusi aliyetaka kupigwa picha kileleni na shela lake, na wote amewarudisha chini wakiwa na vidole vyao vyote. Kwa hiyo alipotangaza kwamba likizo ya Juni familia nzima itakwenda kupiga kambi Ziwa Chala, na kwamba watalala kwenye karavani, mkewe Anaeli hakuwa na wasiwasi wowote kuhusu maandalizi. Wasiwasi wake ulikuwa mwingine kabisa.

Tuseme ukweli mapema: Anaeli alikuwa anamtaka mumewe. Alikuwa naye, ndiyo, kanisa linajua na watoto wawili ni mashahidi. Lakini misimu ya watalii ndiyo hiyohiyo ya likizo za shule. Wazungu kwao kukiwa na joto, sisi huku tukiwa tunajikunyata kwa baridi ya Juni na Julai, ndipo wanapomiminika. Shule zikifungwa, Sifael anapanda. Krismasi ikifika, ukoo mzima ukirudi kutoka Dar na Arusha kula mbuzi kihambani, kwenye shamba la ukoo, Sifael yuko juu kwenye mawe anawapigia Wadenmark makofi ili wasikate tamaa. Akishuka hulala kama gogo, huamka, huuliza kama ng'ombe hajambo, kisha hupanda tena.

Na sasa Esther, binti yao mkubwa, alikuwa amemaliza kidato cha sita. Wakati wowote angeitwa JKT, kutoka huko aende chuo, na kutoka chuo nani ajuaye. Esther alikuwa na adabu sana kwa baba yake, na adabu hiyo ndiyo iliyomtisha Anaeli. Alimwamkia, akampokea begi, akamtengea maji ya kuoga, kisha akaondoka sebuleni. Hajawahi kumnunia wala kumjibu mkato, wakati mama yake alinuniwa kila wiki na kujibiwa mkato kila siku.

"Mama, mimi Baba namheshimu," Esther alisema jioni moja, wakikunja mashuka ya mitumba ambayo Anaeli huuza sokoni Kiboriloni. "Simjui tu."

Akaendelea kukunja shuka kana kwamba amesema habari za mvua. Anaeli alijifanya anatafuta shuka lenye doa, kumbe anatafuta pa kuficha uso. Tangu siku hiyo alijua kwamba safari ya Chala isipofaulu, mtoto ataondoka nyumbani akiwa na baba wa kuheshimu tu.

Karavani yenyewe Sifael aliachiwa na Mzungu mmoja mstaafu aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa upande wa Kwa Sadala. Mzee huyo alirudi kwao, karavani ikavutwa na pikapu ya binamu hadi Kidia, ikaegeshwa uani kati ya migomba na zizi. Ni kijumba cheupe chenye magurudumu mawili, madirisha ya plastiki na mlango wa kuingilia kwa kuinama. Majirani walikuja kuitazama kama waliokuja kumwona mtoto mchanga. Veronika wa nyumba ya pili aliizunguka yote, akagonga ubavu wake kwa kidole.

"Mama Esther, hongera. Chipsi mtaanza kuuza lini?"

Mama yake Sifael, Bibi Elinipendo, alikuwa na swali lake. Alilirudia asubuhi na jioni kama sala.

"Nyumba tunayo. Ina bati, ina milango, ina vitanda. Sasa tunaikimbia kwa sababu gani?"

"Hatuikimbii, Mama," Sifael alimjibu. "Tunakwenda kupumzika."

"Na ng'ombe atakatiwa majani na nani? Au naye anapumzika?"

Ng'ombe akapewa Veronika. Bibi, alipoona amenyang'anywa kisingizio chake cha mwisho, akaanza kuulizia kama huko Chala kuna baridi na achukue vitenge vingapi. Anaeli alijua hapo kwamba mama mkwe wake keshakwenda.

Basi Sifael akaanza kazi. Kila jioni baada ya chakula aliwakusanya sebuleni, akasimama mbele ya televisheni, akatoa brifingi. Ndivyo alivyoiita. Aliwaeleza habari za tochi, soksi na viatu vya kuvaa ukiamka kwenda haja. Aliwaambia wanywe maji mengi, watembee taratibu, na yeyote atakayesikia kichwa kinamgonga asijikaze kiume, aseme mara moja, maana mwinuko hauna huruma na mtu.

Bibi Elinipendo alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, Chala si iko bondeni huko? Si tunashuka?"

Violet, mtoto mdogo, alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi. Hata Esther alificha mdomo kwa kiganja. Sifael naye akacheka, akakuna kichwa, akakiri kwamba ni kweli wanashuka, ila maji wanywe vilevile. Anaeli alimtazama mumewe akicheka mbele ya watoto wake na roho ikamtulia. Kulikuwa na kitu kidogo tu kilichomkereketa, naye hakukipa nafasi. Sauti aliyokuwa akiitumia haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa laini mno, changamfu mno, yenye utani mmoja kila baada ya maelezo matatu, na ilianza kila jioni kwa maneno yaleyale: "Karibuni sana, na asanteni kwa kutuchagua." Watoto walidhani ni mzaha.

Kisha simu ikapigwa, simu ambayo Anaeli alikuwa akiiogopa. Kampuni ilikuwa imepata kundi kubwa, tarehe zilezile, na walimtaka yeye na si mwingine. Anaeli alikuwa jikoni anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Hapana, bosi wangu," alimsikia Sifael akisema uani. "Mwezi huo siwezi. Nina wageni wangu mwenyewe."

Anaeli alimshukuru Mungu kwa sauti, ndizi mkononi. Neno "wageni" lilimpita kama upepo. Alikata shauri siku hiyohiyo, akachagua kitambaa kizuri kuliko vyote kwenye marobota yake, chenye maua ya bluu, akaishonea karavani mapazia.

Jumamosi moja kabla ya safari, Sifael alitaka kufanya jaribio. Alisema hakuna kundi linaloondoka bila vifaa kukaguliwa. Asubuhi aliwafukuza wote uani waingie ndani, akawaambia wasirudi mpaka aite. Wakamsikia akigonga, akivuta, akipiga mluzi. Adhuhuri, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya migomba, akaita.

Walipotoka, hata Bibi alisahau swali lake. Karavani ilikuwa imeoshwa inang'aa. Mbele yake palikuwa na meza ya kukunja yenye kitambaa cheupe, viti vya kukunja vilivyopangwa pande mbili, vikombe, vijiko, na chupa ya chai. Machalari ya ndizi na nyama yalikuwa kwenye hotipoti, mvuke unatoka, na harufu yake ilikuwa imeshawaita mbwa wa Veronika. Sifael alikuwa amevaa shati lake la kazi lililopigwa pasi. Akamshika mama yake mkono, akamkalisha. Akamvutia Anaeli kiti. Akawanawisha mikono mmoja baada ya mwingine, akawaletea supu kwanza, kila bakuli na mkono wa pili chini yake.

"Aika, mbe," Bibi alimshukuru kwa Kichagga, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Leo nimekaa kama mke wa chifu, mke wa Mangi."

Anaeli alikunywa supu. Ilikuwa supu ya kumfanya mtu asamehe mengi. Violet alikuwa ameshaanza kuomba ya pili. Esther alikunywa kimyakimya, akasema, "Asante, Baba," kwa adabu ileile. Sifael alisimama hatua chache nyuma yao, kitambaa begani, akitazama bakuli lipi linakaribia kuisha.

"Baba Esther, kaa basi ule," Anaeli alisema.

"Kuleni, kuleni. Niko sawa."

Anaeli alitazama mezani. Viti vilikuwa vinne: Bibi, yeye, Esther, Violet. Akadhani cha tano kimesahaulika ndani. Akainuka, akainama kwenye mlango wa karavani, akaingia kukichukua.

Ndani kulikuwa kumependeza. Mapazia yake ya bluu yalikaa vizuri. Vitanda vilikuwa vimetandikwa shuka safi, na juu ya kila mto kulikuwa na taulo iliyokunjwa na kipande kidogo cha chokoleti, kama hotelini. Kitanda cha Bibi kilikuwa chini, karibu na mlango. Chake kilikuwa dirishani. Juu kulikuwa na viwili vya watoto. Akahesabu mito, akahesabu taulo, akafungua kabati akatazama sahani. Hakuna mahali palipokuwa na kitu cha mtu wa tano. Kupitia dirisha la nyuma aliona, huko kando ya zizi, kihema kidogo cha kijani kimefungwa vizuri kamba zake zote, na mbele yake dumu la maji lililogeuzwa kuwa kigoda.

Hasira ilimpanda kwanza. Alidhani Sifael hataki kulala nao, kwamba hata likizo moja imemshinda. Akatoka amekunja uso.

"Baba Esther, wewe utalala wapi?"

"Pale," Sifael alijibu, akionyesha kihema bila wasiwasi wowote.

"Na utakula saa ngapi?"

"Nyie mkishamaliza. Nitakula kule jikoni."

"Jikoni kwa nani? Na kiti chako kiko wapi?"

Sifael alitazama viti kama mtu aliyeibiwa. Akavihesabu kwa macho, akarudia. Anaeli aliona uso wake ukibadilika taratibu, na hasira yake yote ikaishia hapo hapo, maana mume wake hakuwa anaficha kitu. Hakuwa amekataa kukaa nao. Hakuwa amejifikiria kabisa. Katika siku zote zile za kukagua, kununua na kufunga, alikuwa amewahesabu wageni, na kiongozi huwa hahesabiwi.

"Lakini sijasahau mtu," alisema, sasa kwa sauti yake ya nyumbani, ile ndogo. "Mama yupo. Wewe upo. Watoto wapo."

"Na baba yao je?"

Bibi Elinipendo aliweka kijiko chini.

"Mama Esther," Sifael akasema, "mimi kambini sijawahi kukaa mezani. Tangu nianze kazi. Sijui hata mtu anakaa upande gani."

Anaeli alitaka kumkumbatia, alitaka pia kumpiga na kile kitambaa cha begani. Alimpenda sana saa ile, na aliumia kwa miaka yote ambayo mwanamume huyu alitandika vitanda vya watu, akawauliza wamelalaje, kisha akaenda kujikunja peke yake kando ya majiko. Hakujua aanzie wapi. Na kabla hajaanza, Esther alikuwa ameshasimama.

Alimwendea baba yake, akauchukua ule mkono uliokuwa unaning'inia tu, akamvuta hadi kwenye kiti alichokikalia yeye, akamsukuma mabega mpaka akakaa. Akamtoa kitambaa begani, akajitupia begani mwake. Sifael alikaa wima kama anayesubiri kupigwa sindano, mikono juu ya magoti, asijue aiweke wapi.

Esther alifunua hotipoti, akapakua machalari, akachagua vipande vya nyama kimoja kimoja. Upawa ukasimama hewani.

"Baba," akauliza, "wewe unakula pilipili?"

Violet alimtazama dada yake, kisha mama yake. Jibu Anaeli alikuwa nalo ulimini. Alikuwa amempakulia mwanamume huyu tangu akiwa msichana, na miaka yote alikuwa ndiye mjibuji wake kwa watoto: Baba anapenda hivi, Baba hataki vile, Baba amechoka, mwacheni alale. Akaliuma jibu lile kwa meno. Lilikuwa swali la Sifael, na kwa mara ya kwanza alimwachia.

"Nakula," Sifael alisema. "Naipenda sana, mwanangu. Ile mbichi, kali, ya kuchuma mtini."

Machozi yalikuwa yameshamfika kwenye ndevu, na hakuyafuta, maana kitambaa hakuwa nacho.

Esther alikwenda hadi kwenye kichaka cha pilipili pembeni ya zizi. Alirudi na mbili kiganjani, mbichi, zina umande. Moja akaiweka kwenye sahani ya baba yake. Nyingine akaing'ata yeye mwenyewe, nusu nzima, bila kukunja uso.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi nilikuwa nashangaa hamu hii nimeitoa wapi, maana Mama pilipili haigusi."