Mtani wa Newala

Siku nne mfululizo watu wa Kiswere waliniambia kijijini kwao hakuna anayevuta unga. Walinikaribisha uji, wakanijibu kwa heshima zote, na kila jioni nilirudi na daftari jeupe, nimenuna. Wakubwa wangu Dar walikuwa wakichagua vijiji vya kupelekewa muuguzi wa kuwasaidia vijana kuacha. Kijiji ambacho watu wake hawajasema wenyewe kingefutwa kwenye orodha. Na mimi nilikwishaona kwa macho yangu vijana wawili wanasinzia mchana kweupe kando ya vichanja vya kukaushia jongoo bahari, biashara iliyonoga tangu soko liwe huria.

Kosa lilikuwa langu. Nilijifanya mtu wa Dar, na Kiswahili cha ofisini, "ndugu washiriki" kila baada ya pumzi. Siku ya tano, naingia barazani kwa Bi Somoe, mama mmoja wa pale kijijini, walikokaa watu kama kumi, nikajikwaa kizingitini. Nikalaani kwa Kimakonde.

Bi Somoe akanikazia macho. "Kumbe Mmakonde wewe?"

"Wa Newala, mama."

"Mtani wetu huyu, na anatutesa na ndugu washiriki wake." Akanipokonya daftari, akalikalia. "Mla panya, sema, umekuja kutupeleleza nini?"

Sisi Wamakonde na wao Wamwera ni watani, na mtani huambiwa lolote asinune. Nilifurahi mno, maswali yote niliyoyakariri yakanitoka kichwani. "Nyie Wamwera unga wa nini? Si mmezaliwa mmelewa?"

Walicheka wakashika mbavu. Hasani, mwana wa Bi Somoe, alicheka kuliko wote, kisha akasema, "Mimi nilizaliwa mzima, mtani. Nimeanza mwaka juzi."

Kicheko kikakatika. Nikamwangalia mama yake.

"Najua," Bi Somoe alisema taratibu. "Nilikuwa naona aibu mbele ya mgeni. Huyu si mgeni. Mweleze."

Hasani akaeleza. Walijifunza kwa wanunuzi wa jongoo, wanachanganya unga na bangi kwenye sigara moja, wanaiita kokteli. Wako saba.

"Muuguzi akiletwa, utakwenda?" nikamuuliza.

"Hata kesho."

Bi Somoe akapiga kigelegele. Akainuka, akamshika mwanawe mkono, akamzungusha baraza nzima kama siku ile alipotoka jandoni, na wanawake wakampokea kwa vifijo. Kule nyuma kijana mwingine akasimama, akasema hata yeye anataka kusema.